Vipimo Thelathini na Vinne

Mtunzi wa muziki hatakiwi kwenye mazoezi, na wapigaji wanalijua hilo, ndiyo maana humwita kwa heshima zote wakati kila kitu kimeshaamuliwa. Kamanda alinipigia simu Jumatano asubuhi, akaniambia mazoezi ya mwisho ni kesho yake saa nne, onyesho ni Jumamosi saa kumi jioni, na kiti changu kimeshawekwa. Kamanda ndiye anayepiga fidla ya kwanza katika kundi lile la watu wanne. Jina la kuzaliwa analo, lakini mtu anayewaamuru wenzake kwa kuinua nyusi tu halihitaji. Nilimwambia nitakuja nikipata nafasi. Nafasi ninayo ya kujaza ghala. Nina miaka sitini na saba, nimestaafu kufundisha, naishi peke yangu katika vyumba viwili juu ya duka la mkata vioo, na mgeni wa mwisho kuingia kwangu alikuwa fundi bomba.

Utunzi wenyewe ni wa dakika kumi na nane, kwa ajili ya fidla mbili, viola na chelo, ile kubwa inayoshikwa kati ya magoti. Kwa asiyejua, viola ni fidla iliyoongezwa mwili kidogo na kunyimwa sifa. Sauti yake ni ya mtu anayeongea chumba cha pili. Mke wangu aliipiga miaka ishirini na miwili katika okestra, safu ya nyuma, na sikumbuki hata siku moja ambapo alisimamishwa apigiwe makofi peke yake. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Wiki mbili baada ya mazishi nikaanza kuandika, kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanyia mikono yangu, na mwaka huu nikamaliza.

Kiini cha utunzi kiko katikati. Pale fidla mbili zinashikilia noti ndefu za chini, chelo inadonoa nyuzi kwa kidole, na viola inaimba peke yake kwa vipimo thelathini na vinne, kila kipimo mapigo matatu, polepole. Wimbo ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa mke wangu. Aliuimba akiwa amefumba mdomo, jikoni, akikausha vyombo, miaka yote tuliyoishi pamoja. Hakuutoa redioni wala kwa mama yake. Nilipomuuliza alisema umekuja wenyewe. Hakuuandika popote. Nilivyojua mimi, tangu aondoke nimebaki nao peke yangu duniani, na mimi nina presha, na ngazi za nyumba yangu hazina taa. Nilitaka usikike mara moja tu, mbele ya watu, kwa chombo chake, kabla na mimi sijamfuata mwenyewe njia ile ile. Hayo mengine yote niliyoandika kuuzunguka yalikuwa fremu ya picha.

Hakuna mtu niliyemwambia. Kwenye ukurasa wa kwanza niliandika majina ya vyombo na tarehe, basi.

Sasa ni lazima nieleze ninavyofanya kazi, maana balaa lilianzia hapo. Mtunzi huandika vyombo vyote kwenye karatasi moja kubwa, kisha kila mpigaji ananakiliwa sehemu yake, aione yake tu, asihangaike na ya jirani. Vijana wa siku hizi wanaiachia kompyuta kazi hiyo. Mimi nanakili kwa mkono, kwa kalamu ya wino, na nikifika mahali pananisumbua sipaachi wazi. Naandika idadi ya vipimo vya kunyamaza, naendelea mbele, kisha baadaye naziandika noti zenyewe kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu kwa gundi. Okestra nzima ilikuwa ikiniita Mzee Viraka. Walidhani sijui. Marehemu ndiye aliyelianzisha jina hilo, wao wakaliokota kwake. Na ile karatasi kubwa simpi mtu, kwa sababu niliwahi kumpa mmoja akaisahau kwenye basi.

Sehemu ya viola ilinisumbua kuliko zote. Nilipofika pale katikati nikaandika 34 juu ya mstari mnene wa kunyamaza, nikapita. Kiraka chake nikakiandika mara tatu, nikakichana mara tatu. Cha nne kilitoka safi, nikakiweka kinyooke, nikaenda kuchemsha maji ya chai. Kamanda akabisha hodi kuchukua karatasi zake, ana haraka zake kama kawaida, nikamkabidhi bahasha nne pale pale mlangoni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, ingawa siku ile ya mazoezi nilikuwa bado sijui.

Chumba cha mazoezi kiko ghorofa ya juu ya maktaba. Kina zulia lililochoka, dirisha lisilofunga vizuri, na viti vya plastiki vilivyorundikwa ukutani. Fidla ya pili anapiga mfamasia mmoja mnene, mcheshi, anayenukia dawa ya kikohozi. Chelo ni ya mwalimu wa hesabu. Viola anapiga dada wa miaka thelathini hivi, anafundisha watoto muziki katika shule ya msingi, na ni mpole kiasi kwamba ukimsalimia anatazama kwanza nyuma yake kuona unamsalimia nani. Nilikaa kwenye kiti changu karibu na mlango, nikakunja mikono, wakaanza.

Walipiga vizuri, sina la kuficha. Dakika ya saba ikafika. Fidla zikashika noti zao za chini, chelo ikaanza kudonoa, nami nikafumba macho nimsikilize mke wangu. Sikusikia kitu. Nikasubiri kipimo kimoja, viwili, vitatu. Nikafumbua macho. Dada wa viola alikuwa amelaza chombo mapajani, upinde juu yake, anatazama zulia. Nilidhani amepotea kwenye karatasi, na kwamba sasa hivi Kamanda atainua nyusi wasimame. Hakuna aliyesimama. Noti za chini ziliendelea, kidole cha mwalimu wa hesabu kiliendelea kudonoa, na pale katikati palikuwa patupu kabisa. Kipimo cha thelathini na tano dada yule alinyanyua viola akaingia barabara, bila kosa hata moja.

Hapo ndipo nilipojua. Kiraka sikukibandika.

Walipomaliza, Kamanda aliteremsha fidla begani, akafuta kidevu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwaambie.

"Mzee," akasema, "hapo viola inaponyamaza umetumaliza."

Mfamasia akadakia. Alisema siku ya kwanza walidhani ni kosa, wakataka kunipigia simu, lakini walipoirudia mara ya tatu hakuna aliyetaka kupiga simu tena. Mwalimu wa hesabu, mtu asiyemsifu yeyote, alisema watunzi wote anaowajua wakishaandaa uwanja hawawezi kujizuia, lazima wapeleke mtu acheze. Mimi nimeandaa uwanja nikauacha, na hilo linataka moyo.

"Unabaki unamtafuta mtu," Kamanda akasema. "Kuna mtu hayupo pale."

Kwa miaka arobaini ya kutunga sijawahi kusifiwa vile, na sifa zenyewe zilikuwa za kitu nilichosahau kukibandika. Mwenye akili timamu angesema ukweli. Mimi nilisema asante. Dada wa viola alifunga kasha lake haraka haraka akatoka wa kwanza, na mimi nikateremka ngazi taratibu huku nimeishikilia reli, nikijiona mwizi.

Kiraka nilikikuta ndani ya kamusi kubwa, mahali nilipokiweka kinyooke. Kilikuwa kimenyooka vizuri sana. Nilikitandaza mezani nikakaa mbele yake mpaka jua likahama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Chini yangu mkata vioo alikuwa akikata, kile kimlio chake chembamba kinachosisimua meno. Nilijaribu kujipa moyo: liache pengo hivyo hivyo, wamelipenda, utaandikwa hata gazetini, na marehemu haudhiki tena na chochote. Halafu nikafikiria Jumamosi ikipita. Kundi lile halirudii utunzi mara mbili kwa mtu asiye na jina kama mimi. Ningerudi kupanda ngazi zangu nikiwa na sifa mkononi, na wimbo wa mke wangu ungebaki kichwani mwangu ukisubiri presha. Nilikasirika. Nilimkasirikia Kamanda kwa haraka zake, na fundi wa gundi, na mwenye kubuni kamusi, na mwisho wa orodha nikabaki mimi.

Ijumaa saa sita mchana nilimfuata dada wa viola shuleni kwake. Watoto walikuwa wameshatoka. Nilimkuta akikusanya filimbi za plastiki na kuzitia kwenye ndoo ya maji ya sabuni, katika darasa lenye viti vidogo hata nilipokaa magoti yalinifika kifuani. Nilimpa kiraka. Nilimweleza yote, wimbo ni wa nani, kimebaki wapi na kwa nini, nikamwomba aupige kesho. Alikisoma amesimama, midomo ikitikisika, kisha akakaa.

"Kwa hiyo hukuniondoa," akasema.

Sikumwelewa. Akanieleza bila kunitazama. Alikuwa amedhani Kamanda alinidokeza kwamba yeye ni dhaifu, ndipo nikamfutia sehemu yake nzuri na kumwachia kunyamaza. Ametazama lile zulia majuma matano akiamini hivyo. Wenzake walipokuwa wakiusifu ukimya ule, alikuwa anaumeza kama kidonge kichungu. Niliona aibu mpaka masikioni. Kosa langu moja la gundi, kumbe limemnyima mtu usingizi majuma matano na mimi niko nyumbani nakunywa chai.

Alikausha mikono, akatoa viola, akaupiga.

Aliupiga wote, vipimo thelathini na vinne, noti kwa noti. Sauti yake ilikuwa safi na ya joto, na hakukosea popote. Nilikaa pale nikiusubiri moyo wangu upasuke. Haukupasuka. Ulikuwa wimbo mzuri uliopangwa vizuri. Nilimwomba arudie, akarudia. Nilimwomba apunguze mwendo, akapunguza. Tulifanya hivyo mara nne au tano, na kila mara ulizidi kuwa sahihi na kuzidi kuwa wa mtu mwingine.

Akaweka upinde chini. "Mama alikuwa anauimba hivi hivi?"

Nikasema ndiyo. Kisha nikasema karibu na hivi. Kipimo cha nane kuna noti alikuwa anaivuta kupita kiasi, nami kwenye kuandika nimeirekebisha, maana ukiivuta hivyo unavunja hesabu ya mapigo matatu na chelo haina pa kuangukia.

"Alikuwa anaivuta mpaka wapi?"

"Mpaka..." Nikaona heri nimwimbie. Sauti yangu ni ya chura mwenye mafua, lakini nilifumba mdomo nikaanza, kama alivyoanza yeye, na vipimo saba vya kwanza vilitoka vyenyewe. Nilikiona hata kitambaa chake cha kukaushia vyombo. Nilifika kipimo cha nane, nikaivuta ile noti, nikaivuta tena, na mbele yake hapakuwa na kitu.

Nilianza upya. Nikafika pale pale, nikakwama pale pale. Dada yule alinitazama akasubiri, na ndipo nikasikia kilichofuata. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, kutoka chumba cha pili, kwenye meza yangu ya kuandikia: "Mapigo matatu, mama. Unavuta."

Kila siku. Sitii chumvi. Akifika kwenye ile noti, mimi kule mezani nilikuwa siwezi kuvumilia, sikio langu lilikuwa linawasha, nikamrekebisha kupitia mlango. Miaka ya mwanzo alicheka, akaacha kuimba akaendelea na vyombo. Baadaye akawa hacheki, anafungua tu bomba la maji. Kesho yake angeanza tena mwanzo, ameshasahau au amejisahaulisha, na mimi ningemkamata tena kwenye kipimo cha nane. Miaka ya mwisho hakuimba kabisa nikiwa nyumbani, na nikadhani ni umri. Tuliishi pamoja miaka thelathini na moja. Sikuwahi kusikia hata mara moja wimbo ule unakwenda wapi baada ya ile noti.

Nilimwambia dada wa viola. Nilimwambia hivyo hivyo, nikiwa kwenye kile kiti cha mtoto. Aliinua kiraka akakitazama kuanzia kipimo cha tisa kwenda mbele.

"Kwa hiyo hii yote iliyobaki ni yako."

"Ni yangu."

"Ni nzuri," akasema taratibu, na nilijua anasema kweli, nikatamani anidanganye.

Unaweza kuniuliza mtu anawezaje kutunga vipimo ishirini na sita akadhani anakumbuka. Nami nimejiuliza. Nadhani nilipoketi baada ya mazishi kuuandika, mkono ulifika kipimo cha nane ukaendelea kwa mazoea, jinsi mguu unavyoendelea kutafuta ngazi iliyokwisha. Miaka arobaini nimekuwa nikimalizia vilivyoanza. Sikuona tofauti kati ya nilichosikia na nilichokifanyia kazi, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba sikuiona.

Nilirudi nyumbani nikampigia simu shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Tangu arobaini tumeongea mara mbili. Alidhani nimeugua. Nikamwambia mimi mzima, namuulizia tu wimbo ambao dada yake alikuwa akiuimba kwa kufumba mdomo. Nikamwanzia kidogo kwenye simu, nikaishia nilipoishia.

"Ah, huo," akasema. "Huo si wako?"

"Nani alikwambia ni wangu?"

"Nilidhani tu. Dada akija kwangu hakaukiwi nao. Akiingia jikoni anaanza, unaisha, anaurudia. Siku moja nikamwambia, dada, imba mwingine basi, huu wa mumeo umenichosha. Akacheka tu."

Nilishikilia simu kwa mikono miwili. "Alikuwa anaumaliza?"

"Anaumaliza, kwa nini asiumalize?"

"Unaisha vipi? Unapanda au unashuka?"

Nilisikia redio nyuma yake, na mtu akiburuta kiti. Alikuwa anajitahidi, maskini, nilimsikia akivuta pumzi akijaribu kuanza, kisha akiacha.

"Shemeji, sikumbuki," akasema. "Mimi nilikuwa napika. Ungeniambia mapema ningesikiliza."

Nilimshukuru. Nilimwomba aje Jumamosi, akasema mguu hauruhusu, akaniambia nile vizuri. Nilipokata simu nililia, na sikulia kwa kujizuia. Mkata vioo chini aliacha kukata kwa muda, sijui kwa sababu yangu au alikuwa anapima.

Jioni ile nilichukua mkasi. Kiraka nilikikata baada ya kipimo cha nane. Kile kirefu, chenye vipimo vyangu ishirini na sita, nilikisoma mara ya mwisho. Kulikuwa na mahali pamoja, karibu na mwisho, ambapo viola inapanda huku chelo inashuka, na sijawahi kuandika kitu kizuri kama hicho. Nikakichana. Kile kifupi nikakibebea gundi kwenye mfuko wa koti.

Jumamosi nilifika ukumbini saa nane, kabla ya wote isipokuwa yeye. Tulibandika pamoja, kwenye meza ya chumba cha kubadilishia nguo, akikandamiza kwa kidole huku nami nikiandika 26 mbele yake kwenye mstari wa kunyamaza. Aliuliza ile noti ya kipimo cha nane aivute kiasi gani. Nikamwambia sijui. Wale watatu wataendelea na hesabu yao, yeye asiwafuate. Aivute mpaka mwenyewe aone basi, kisha aweke chombo chini.

"Na nikivuta kupita kiasi?"

"Hakuna atakayekwambia kitu," nikasema.

Kamanda alipoambiwa alikunja ndita. Alisema nimeharibu mahali pazuri kuliko pote, kwamba kubadili kitu saa mbili kabla ya onyesho ni tabia za wanafunzi, na kwamba kama viola inaanza kuimba basi iimbe mpaka mwisho, watu watadhani dada wa watu amesahau. Aliniuliza sababu ya kumkatiza njiani. Ningeweza kumweleza. Lakini maelezo yangekuwa marefu, na yeye alikuwa anapaka nta upinde wake, na baada ya kuwa Mzee Viraka miaka yote hiyo nilikuwa na haki ya kiraka kimoja kisicho na maelezo. Nilimwambia ndivyo ulivyo. Akainua nyusi, akaondoka.

Walikuja watu arobaini na kitu, katika ukumbi wa watu mia mbili. Nilikaa safu ya tano, viti vyote vya kulia kwangu vitupu. Walianza. Dakika saba za kwanza sikuzisikia, naweza kukiri, ingawa ni mimi niliyeziandika. Fidla zikashika noti zao za chini, kidole kikaanza kudonoa, na dada yule mpole akainua viola.

Aliingia kwa sauti ndogo sana. Hakuupamba. Kipimo cha pili, cha tatu, mtu mmoja mbele yangu aliacha kupekua karatasi ya ratiba. Cha tano, cha sita. Nilijikuta nimekaa mbele ya kiti. Akafika cha nane, akaishika ile noti, akaivuta. Mapigo matatu yakapita. La nne likapita, na la tano, chelo imeshasonga mbele na yeye bado yuko pale pale, na sikio langu likaanza kuwasha. Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka, pale ukumbini, mbele za watu, baada ya yote niliyoyajua tangu jana yake. Nilijiziba kwa kiganja nikakishikilia kwa nguvu mpaka meno yakaniumiza midomo.

Aliivuta mpaka ikaisha yenyewe. Kisha akalaza viola mapajani.

Noti za chini ziliendelea. Nilishusha mkono, nikanyamaza, nikamsubiri mke wangu amalizie. Nilimpa kipimo cha kumi, cha kumi na moja, cha kumi na tano. Sikumharakisha. Nilisikiliza kwa masikio yote niliyo nayo, nilivyotakiwa kusikiliza kule jikoni, na kila kipimo kilichopita nilifikiri huenda ni hiki. Ulikuwa muda mrefu kuliko nilivyouandika. Mwalimu wa hesabu akadonoa noti yake ya mwisho, kipimo cha thelathini na vinne kikafika, na mke wangu alikuwa hajasema kitu.